Kisima Tulichokificha

Harufu ya mchanga mbichi siivumilii hadi leo. Wajukuu wangu wakicheza mtoni, wakichimba mpaka wakafikia penye unyevu, mimi hugeuza uso na kujifanya natafuta kuni.

Zama za Mjerumani, huku kwetu Ugogo, mama yangu aliongoza chama cha akina mama wa bonde letu. Hakuna aliyewalazimisha wala kuwalipa. Kila kiangazi walichimba kisima katika mchanga wa mto uliokauka, kiwe cha watu wote, na tembe la mjane likivuja walipanda juu ya paa wakalikandika upya. Kazi yao ilijaa utani. Mama Chidawali, mnene kuliko wote, alishushwa kisimani mara moja tu. Kumpandisha kuliwachosha kuliko kuchimba, basi tangu hapo yeye akawa wa kuimbisha. Sheria yao kubwa ilikuwa kwamba maji hayanyimwi mtu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," mama alipenda kusema.

Kisha vita ikaja. Askari walipita na misafara ya wapagazi waliokamatwa vijijini, na kila walipopiga kambi waliacha visima vikiwa matope matupu. Mvua nazo zilikuwa zimetutupa mkono. Kisima chetu kingekauka, mifugo ingekufa, nasi tungeifuata. Kwa hiyo siku tulipoona vumbi la msafara, akina mama waliziba mdomo wa kisima kwa fito na ngozi za ng'ombe, wakamwaga mchanga mkavu juu yake, nasi watoto tukaswaga mbuzi kuzunguka pale hadi nyayo zote zikafutika. Nilicheka sana. Niliona ni mchezo mtamu kuliko yote niliyowahi kucheza.

Askari mmoja akamuuliza mama maji yako wapi. Mama akasema yamekauka. Askari hakuridhika, akamtuma mpagazi kijana akague mto. Kijana alitua mzigo, akaja moja kwa moja hadi tuliposimama. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Mbukwenyi, mama," akasalimu, kwa Kigogo chetu.

Mama akaitikia. Kijana akainamisha macho, akaitazama miguu ya mama kwa muda. Kisha akageuka.

"Hapa hakuna maji, bwana," akamwambia askari. Akajitwika mzigo, wakaondoka.

Jioni tulifukua kisima, tukanywa na kuimba. Mama hakunywa. Asubuhi akatundika kibuyu cha maji kando ya njia, na akaendelea hivyo hadi uzeeni, akikijaza kila siku. Watu walimsifu kwa ukarimu, nami nilijivunia mama yangu.

Nilikuwa tayari na watoto wangu nilipomuuliza kwa nini sifa zile zilimkera.

"Miguu yangu ilikuwa na mchanga mbichi hadi kwenye vifundo," akasema. "Yule mtoto aliuona, akatunyamazia. Nami sikumpa hata funda moja."

Ndipo nilipoelewa kibuyu kile kilikuwa cha nani. Naona haya kwa kicheko changu, ingawa nilikuwa mtoto. Kiangazi chote kile tulikunywa maji aliyotuachia mtu mwenye kiu, na hatukumuuliza hata jina lake.