Sikio la Kushoto la Shemeji

Hapa kazini hakuna anayemwita shemeji yangu kwa jina lake. Wote wanamwita Masikio, na si kwa sababu ni makubwa, ingawa madogo nayo siyo. Jina limetokana na kazi. Shemeji, mume wa dada yangu, anaongoza watalii msituni kwenda kuona sokwe, na sokwe wa porini hutafutwa kwa sikio kabla ya jicho. Alfajiri, mimi nikiwa bado nahangaika na birika la chai, yeye ameshasimama nyuma ya ofisi, kofia mkononi, mdomo wazi kidogo, anasubiri waamke. Sokwe wakiamka kwenye viota vyao mmoja huanza kupiga kelele, wengine wanadakia, na msitu mzima unajua kumekucha. Hapo shemeji hunyoosha kidole. Ng'ambo ya kijito, atasema, kwenye ule mkuyu mkubwa, na leo wamelala wengi.

Mimi nipo getini. Nagawa barakoa, maana mafua yetu sisi yanaweza kummaliza sokwe, namrudisha nyuma anayekohoa, na nawaazima mabuti wageni waliokuja na viatu vya harusini. Nawasomea masharti: msimsogelee, msile mbele yake, msipige kelele, na saa moja ikiisha mnaondoka hata kama ndiyo kwanza ameanza vituko. Halafu nawakabidhi kwa Masikio, narudi kwenye kiti changu. Watu wananionea huruma kwamba siingii msituni. Wasijisumbue, huko kuna siafu.

Mwaka huu, mvua zilipokatika, shemeji akaanza kukosea njia. Si kwamba hakuwasikia sokwe. Aliwasikia, akanyoosha kidole, akawapeleka wageni kule, na sokwe hawakuwapo. Siku ya kwanza alisema upepo umebadilika. Siku nyingine akasema sokwe wenyewe wamehama ghafla, wana mambo yao. Wageni walirudi jioni wamechanika suruali, wamelowa jasho, na kitu pekee walichopiga picha ni mgongo wa kiongozi wao. Sisi wenzake tukaguna tu. Kila mtu ana msimu mbaya.

Kisha ikaja ile siku ya mkuyu. Niliisikia kutoka kwa wageni wenyewe, waliorudi wanacheka hadi machozi. Kwamba Masikio aliwasimamisha chini ya mti mmoja, akawaonyesha juu, akawanong'oneza watulie, watawaona sasa hivi. Wakakaza shingo. Wakasubiri mpaka shingo zikauma. Mwishowe mama mmoja akamgusa bega kwa adabu, akamwomba ageuke. Nyuma yao, karibu kabisa, sokwe walikuwa wamekaa kwenye mkuyu mwingine wanakula matunda na kuwaangalia kama watu waliokuja kutazama mpira wakalipa mlango usio wao. Wageni walidhani ni utani wa makusudi, wakamsifu kweli kweli. Yeye alikuwa amesimama pembeni ya gari lao, anatabasamu, na uso umemshuka.

Bosi wetu, mkuu wa kituo, si mtu wa kucheka. Alimwita ofisini na mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo nilisikia bila kujitahidi. Hakumfokea. Alimwambia anamheshimu, lakini mtu wa mbele akipotea kuelekea kwa sokwe, kesho atapotea kuelekea kwa tembo, na hapo hatutakuwa tunazungumzia picha. Alimpa mpaka mwisho wa mwezi. Hali isipobadilika, mwingine atachukua nafasi ya mbele, naye atakuja kukaa getini. Nikaona balaa linakuja hadi kwangu, maana kiti cha getini ni kimoja.

Jioni hiyo nilimkuta nyuma ya stoo tunakooshea mabuti. Amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, anasugua buti ambalo lilikuwa limeshatakata. Nikamwita. Kimya. Nikamwita tena, nimesimama hatua chache tu kushotoni kwake, naye akaendelea kusugua. Mimi sina subira, nikamrushia soksi mbichi. Ilimpiga shavuni, akashtuka, akageukia upande wa kulia kutafuta aliyeirusha.

Tulitazamana. Nikavuta ndoo nyingine, nikakaa kuliani kwake, nikamuuliza hilo sikio limeanza lini.

"La kushoto limekufa, shemeji," akasema. "La kulia bado. Kelele nazisikia, ila sijui zinatoka wapi. Msitu wote umekuwa upande mmoja."

Nilimwambia basi twende zahanati, hilo si jambo la kukaa nalo. Akatikisa kichwa. Akaniambia baba yake alianza hivihivi. Sikio moja kwanza, watu wakadhani ni kiburi. Halafu la pili. Alikuwa fundi seremala, kazi ikaendelea, mikono haihitaji masikio. Lakini nyumbani alikaa miaka mingi katikati ya watoto na wajukuu, anatabasamu, anaangalia midomo yao. Watu wakicheka, naye anacheka, ila baada yao kidogo, wengine wakiwa wameshanyamaza. Watoto walimwiga, na yeye mwenyewe alipokuwa kijana aliwahi kucheka walipomwiga.

"Kazi nitapata nyingine," akasema. "Ninachoogopa ni kucheka nimechelewa."

Nikamuuliza kama dada anajua. Akasema hajui kitu, amemficha vizuri, na nisithubutu kumwambia. Na zahanati haendi, kwa sababu asipokwenda bado kuna matumaini, akienda watamthibitishia.

Hapo hasira zikanipanda. Nilimwambia kama anataka kuwa kiziwi kwa kukisia ni juu yake, ila mimi sitakaa naye kwenye kiti kimoja getini mpaka tustaafu. Asubuhi iliyofuata, siku yake ya mapumziko, nilimpakia kwenye pikipiki ya ofisi.

Zahanati ilikuwa na benchi refu ukutani, mizani ya kupimia watoto, na feni ya mezani iliyogeuza shingo taratibu. Tabibu wa zamu alikuwa dada mdogo tu, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Akamkalisha shemeji upande, akawasha kitochi, akachungulia sikio. Akachungulia tena. Kisha akafungua mlango akamwita mwenzake, mama wa makamo, naye akainama akachungulia, akaguna.

Shemeji alinishika goti, akaminya. Mtu anayesimama mbele ya dume la sokwe lililokasirika bila kupepesa macho, leo anashikilia goti la mtu mbele ya kitochi.

"Baba, unafanya kazi gani?" akauliza yule dada.

Shemeji akamweleza.

"Na huko kwenu pamba mnaweka za nini?"

Nusura nianguke kwenye benchi. Wageni wakishafika kwa sokwe inabidi wasimame watulie, na chini ya miti yenye matunda kuna nyuki wadogo wasiouma, wanaopenda jasho. Wanaingia machoni, puani, masikioni. Mgeni anaruhusiwa kupunga mkono kidogo. Kiongozi haruhusiwi, maana yeye ndiye sokwe wanamwangalia, akianza kurusha mikono nao wanakimbia. Kwa hiyo viongozi wetu wote hujiziba masikio kwa vipande vya pamba wakishawapata sokwe, saa ikiisha wanavichomoa, safari imekwisha. Ni mtindo wa kituo chetu, sijui nani aliuanza. Na hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiria kuangalia kama pamba iliyotoka ni yote iliyoingia.

Ya shemeji ilikatikia ndani. Kesho yake akaweka nyingine juu yake, akaisukuma kwa kidole. Na kesho yake, na kila siku ya kazi tangu mvua zikatike, akizidi kuishindilia ndani kwa bidii yote ya mtu mwaminifu kazini.

Walimmiminia maji ya uvuguvugu kwa bomba la sindano lisilo na sindano, wakasubiri, wakamimina tena. Yule mama akashika kibano. Kilichotoka kilikuwa kidonge cheusi kigumu, na ndani yake nyuki wawili wakavu. Akakiweka kwenye kisahani cha chuma, kikalia.

Shemeji aliusikia ule mlio wa kisahani. Nilimwona anausikia. Akageuza kichwa upande wa kushoto, sawasawa kabisa, akakikazia macho. Akauliza mbona feni inapiga kelele hivyo. Akauliza nani anavuta ndala nje. Yule dada akamnong'oneza neno kutoka mlangoni, naye akamjibu, tena akamwambia amesikia vizuri na asirudie kumwita mzee.

Tulipotoka alikaa kwenye ngazi za zahanati akalia. Alilia waziwazi, kofia magotini, na mimi nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinauma, halafu nikajikuta na mimi machozi yananitoka. Nilikuwa sijajua nimebeba mzigo mkubwa kiasi hicho mpaka ulipotua. Alipomaliza kujifuta aliniapisha nisimwambie dada. Kwa nini umshtue mtu na sikio ambalo limeshapona, akasema. Nikaapa.

Alfajiri iliyofuata niliacha birika langu nikaenda kusimama naye nyuma ya ofisi. Kulikuwa na umande, na matawi yalikuwa bado meusi. Kelele zikaanza, mbali, mmoja, kisha wengi. Mimi zilinijia kutoka kila mahali kama kawaida yangu. Shemeji alifumba macho, akageuka kidogo kuelekea kushoto, akageuka tena, akanyoosha kidole. Akasema wako bondeni, wamegawanyika makundi mawili, na kuna mtoto. Wageni wake waliondoka wakiwa na mashaka, walikuwa wamesikia jinsi alivyopoteza njia siku za karibuni. Kabla jua halijapanda vizuri walikuwa wamekaa kimya mbele ya sokwe jike anayemchambua mwanawe kichwani. Bosi alisikia taarifa kwenye redio ya upepo, akaniambia nimletee chai, na siku hiyo aliongeza sukari.

Jioni nilikwenda kula kwa dada. Dada ni fundi cherehani, na chumba chao cha mbele ni nusu sebule, nusu karakana, unakaa ukiwa umezungukwa na sketi za shule. Tukakaa mezani, shemeji, dada, mimi na mpwa wangu wa kike, ambaye hula na kusimulia kwa wakati mmoja. Alikuwa anatueleza jinsi mwalimu wao alivyoitafuta miwani darasa zima, akawatuhumu nusu yao, kumbe ameivaa kichwani. Alimalizia mdomo ukiwa umejaa, maneno nusu ndani nusu nje. Tukacheka.

"Umesemaje, mwanangu?" dada akauliza. "Rudia, sikusikia."

Hiyo ilikuwa ndiyo tabia yake siku hizi. Tangu mvua zikatike, mtu akisema jambo mezani, dada lazima amwambie arudie, tena kwa sauti. Mimi nilikuwa namtania kwamba cherehani imemharibu, kwamba uzee umemwingilia masikioni. Alinijibu kwa kucheka tu, halafu akaniambia nirudie na hilo pia.

Shemeji aliweka kijiko chini. Alikuwa amecheka, na safari hii alicheka pamoja na sisi, si baada yetu.

"Asirudie, mke wangu," akasema. "Nimesikia."

Dada alimtazama, muda mrefu kuliko kawaida ya watu walio mezani. Hakuuliza amesikia nini. Alishika upawa ampakulie tena, mchuzi ukamwagika kwenye meza, naye hakuufuta. Mpwa wangu akauliza kama arudie au asirudie.

"Endelea tu, mama," dada akamwambia. "Baba yako anasikia."