Minyoo wa Shangazi Nyuma ya Maabara

Shangazi yangu alitunza bustani ya chuo cha ualimu kwa miaka ishirini na sita. Wanafunzi walimwita Mama Minyoo, na jina halikumkera hata kidogo.

Nyuma ya maabara palikuwa na kiwanja kigumu kama sakafu. Ukipiga jembe, linaruka. Waliomtangulia walipanda maua pale, yakakauka, wakakisusa. Shangazi akaja na ndoo ya minyoo wa udongo kutoka bondeni, akawafunika kwa majani makavu, akanyunyiza maji. Karibu wote wakafa. Akaleta ndoo nyingine, na nyingine tena.

"Siku hizi mke wangu ana watoto wengi kuliko tuliozaa," mumewe, fundi viatu, alikuwa akimtania. Lakini Jumamosi ndiye aliyembebea magunia ya majani.

Mwaka wa nne jembe lilizama. Mwalimu wa biolojia alipita, akachuchumaa, akachimbua udongo kwa kidole.

"Dada, unajua mwili wa minyoo hawa bado una mambo mengi ya viumbe wa majini? Nchi kavu ilitakiwa iwaue au iwageuze."

"Mbona hawajageuka?"

"Wameugeuza udongo. Wanatoboa, wanakula majani, wanayachanganya na udongo mpaka unashika maji. Mtoto wa mnyoo anarithi mwili wa wazazi, anarithi na udongo wao. Halafu udongo huohuo ndio unaoamua nani ataishi azae."

Shangazi akaegemea jembe. "Kwa hiyo yule ambaye kwenye ugumu angekufa, hapa anapata wajukuu."

"Umenimaliza. Njoo uwaambie wanafunzi wangu."

Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akaenda, amevaa gauni lake la kutokea, mkononi kashika bonge la udongo. Akampa binti wa mbele alivunje lile bonge; minyoo wadogo wakachomoza, darasa zima likasogea.

Mmoja akauliza kama minyoo wanajua wanawatengenezea watoto wao makao.

"Sidhani, mwanangu. Wanakula tu. Hata mimi nyumbani kwangu nilikuwa napika na kufagia, basi. Kumbe kuna watu walikuwa wanakua humo."

Darasa likacheka. Nje ya dirisha, fundi viatu, ambaye hakuna aliyemwalika, akapiga makofi peke yake mpaka wanafunzi wakamfuata.