Dumu Nililomwachia Nafula

Nakumbuka Jumamosi moja kule Msambweni, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipoharibu mbio za mtu mwingine kwa kuona haya kubeba kibuyu. Mwanangu, wewe unayetembea na mkebe wa unga wa protini mkobani, sikucheki. Kaa unisikilize kidogo.

Nilikuwa nikifua mashuka katika hoteli moja ya Diani. Mwenzangu alikuwa Nafula, msichana wa bara aliyesafisha vyumba. Alfajiri, kabla ya zamu, tulikimbia pamoja, na tukirudi tulikunywa mtindi ambao nyanya yangu alitutumia kutoka Kinango. Nyanya alikisugua kibuyu ndani kwa kijinga cha moto, akakipangusa, akamimina maziwa na kuyaacha siku tatu nne hadi yagande, kisha akamwaga yale maji yaliyojitenga. Kilichobaki kilikuwa kizito, utadhani uji wa mgonjwa. Wachungaji wa kwetu hunywa mtindi huo wakirudi malishoni, na nyanya alishikilia kwamba mkimbiaji ni mchungaji asiye na ng'ombe. Mwalimu wetu wa mbio alisema yale yale kwa maneno ya shule: mtindi hujenga msuli uliochoka, na chachu yake hulituliza tumbo.

Nafula alinishinda kila siku. Timu ya mkoa ilitaka wasichana wawili wa mita elfu moja mia tano, naye aliitamani kuliko mimi, maana alisikia kwamba polisi huja kwenye mashindano ya mikoa kutafuta wakimbiaji wa kuajiri. Mchujo ulikuwa Jumamosi, fainali Jumapili.

Nilijua wasichana wa mjini watakuja na chupa zao za glukosi, na kwamba watacheka harufu ya moshi. Basi Ijumaa jioni nikauhamishia mtindi katika dumu la plastiki lililokuwa na sharubati, nililolisuuza kwa maji baridi tu. Kesho yake likashinda juani kando ya uwanja. Mwacha asili ni mtumwa, na utumwa wangu niliutafuta mwenyewe.

Sote wawili tulifuzu. Baada ya mbio nikaonja. Ulikuwa na uchungu, si ule uchachu niliouzoea. Nilijua umeharibika. Lakini kusema kungetaka nieleze kwa nini kibuyu kimebaki Diani, kwa hivyo nikasema nimeshiba.

"Leta hapa," Nafula akasema. "Hii maziwa ya nyanya yako ndiyo inanipea nguvu." Akalimaliza dumu zima.

Jumapili hakuweza kusimama. Alikuwa ametapika tangu alfajiri. Akanishika mkono, akaniambia, "Wewe kimbia. Angalau mmoja wetu aende." Nikakimbia, nikawa wa pili. Nafasi ile ilikuwa yake.

Nilikwenda Kinango nikamweleza nyanya, nikitarajia anigombeze kwa sababu ya kibuyu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Dumu ni ujinga, mjukuu wangu, na ujinga husamehewa," akasema. "Lakini wewe ulionja, ukajua, kisha ukamwachia mwenzio anywe?"

Akaniagiza nirudi nikamwambie mwenyewe, na nikaenda. Nafula alinisikiliza huku akikunja shuka. Hakunitukana. Hakukimbia nami tena, na baada ya miezi michache akarudi kwao. Hilo linaniuma hadi leo.

Basi mwanangu, mtindi unywe, ni chakula cha mwanamichezo kweli. Unywe baada ya kutoka jasho, si unapokaribia kuitwa mstarini. Chombo usichojua kimesafishwaje, usikinywee wala usimpe mtu. Chakula kigeni kijaribu siku za mazoezi, usikingojee siku ya mashindano. Hayo mwalimu wako atakueleza vizuri kunishinda. Langu mimi ni hili: ukionja kibaya, sema papo hapo, hata kama aibu ni yako. Wazee walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha wangu, na aliyekosa mtoto alikuwa Nafula.

Mungu akupe miguu myepesi na tumbo salama, na yule unayekimbia naye afike pamoja nawe. Amina.