Bolti Iliyokatika Njia ya Koboko

Kabla mambo hayajaharibika, asubuhi katika gereji yetu pale Arua ilianza kwa chai ya dada yangu Yunia. Alikaa mlangoni kwenye kiti cha mbao, sufuria mbele yake, miguu iliyopooza tangu utotoni ameikunja chini ya kitenge. Mafundi walikunywa, wakataniana, wakaingia kazini. Yeye naye alikuwa na kazi humo ndani, ingawa hakuna aliyemwajiri.

Kazi yake ilikuwa kusoma. Mzee Khamis, Mnubi wa mjini aliyenifundisha ufundi, alikuwa na spana ndefu ya kupimia nguvu, aliyoachiwa na Mhindi mwenye gereji siku alipofukuzwa nchini. Ilikuwa na sindano juu ya kibao cha namba. Ukivuta mpini, sindano inatembea, nawe unajua bolti imekazwa kiasi gani. Mzee alikuwa na mikono ya dhahabu na macho mabovu. Namba hakuziona, na miwani aliikataa, akisema ni vazi la makarani. Basi tukifunga injini nilimbeba Yunia, nikamkalisha juu ya madigadi, karibu na sindano.

"Soma, binti yangu."

"Hamsini. Sitini. Ngoja kidogo... sabini. Basi, baba."

Mzee aliachia hapo hapo. Injini zetu zilikwenda Kampala na kurudi, na hakuna aliyetuletea lawama.

Kisha gereji akapewa Sajini Juma. Ndivyo walivyogawana nchi siku zile: huyu duka, yule kinu, na mtu asiyejua tofauti ya bolti na msumari akapewa gereji. Debe tupu haliachi kuvuma. Alikuja na buti zake, akakalia kiti cha Mhindi, akaanza kutufundisha kazi. Somo lake lilikuwa moja tu, nalo alilitoa kambini: bolti lazima ilie. Alichomeka bomba la maji kwenye mpini wa spana ili uwe mrefu, akaning'inia kwa uzito wake wote mpaka chuma kikapiga kelele. Hapo alijifuta jasho na kututazama, akingoja sifa.

Jeshi zima lilikaza hivyo. Walidhani chuma nacho ni raia.

Mimi ndiye niliyeachiwa kutoa vipande vilivyokatikia ndani. Ni kazi ya subira. Unatia alama katikati kabisa ya kipande, unatoboa tundu jembamba, unagongea humo chuma chenye meno ya kinyume, kisha unakigeuza kushoto taratibu mpaka kipande kitoke chenyewe. Ukiharakisha, chuma hicho hukatikia humo humo, na kwa ugumu wake hakuna drili itakayokitoboa. Injini umeizika.

Siku moja Sajini alikosa nyundo, akachukua spana ya kipimo akavunjie kufuli la duka la mtu. Ilirudi na sindano imepinda, imelala kwenye kumi hata spana ikiwa mezani. Mzee Khamis alikaribia kulia. Yunia alicheka.

"Inadanganya kumi tu, baba. Tukitaka sabini, tunangoja themanini. Hii ni nafuu. Ule mutu aliyeipinda hujui anadanganya kiasi gani."

Mwaka wa sabini na tisa jeshi lile likashindwa kusini, likaanza kupita Arua kuelekea Sudan. Nimesikia watu wakisema lilirudi nyuma. Lilikimbia. Lilikimbia na magodoro, cherehani, na milango iliyong'olewa pamoja na fremu zake. Wanaume walioapa kuifia nchi walipita wamekumbatia makochi. Nimewadharau tangu siku ile, na uzee haujanipunguzia.

Watu wa Manibe na Aroi, vijiji vya jirani, walishika njia kwa miguu na mbuzi wao. Sisi tulitaka kufika Oraba, mpakani, tuvuke. Yunia hakuweza kutembea, na baiskeli zote zilikuwa zimekwisha kunyang'anywa. Nilikuwa ningali natafuta njia ya kumtoa, Sajini akaja na lori lake likivutwa kwa mnyororo, gasketi imeungua, mizigo imepanda juu na kileleni friji nyeupe.

"Tengeneza."

"Nitatengeneza, afande. Lakini dada yangu apande mpaka Oraba."

Alimtazama Yunia, akatazama friji. "Sawa. Lakini asiegemee friji yangu."

Tulifanya kazi hiyo vizuri. Tuliinua hedi, kile kifuniko kizito cha injini, tukaweka gasketi mpya ya kuzuia maji yasivuje, tukarudisha bolti moja moja kuanzia katikati, Yunia akisoma. Tulipomaliza, Sajini aliokota bomba lake.

"Hiyo sindano yenu ni ya kushona nguo. Hii gari ya jeshi, iko nataka nguvu."

"Afande, acha," Mzee Khamis alisema. "Bolti ikilia, iko nakufa."

"Wewe mzee iko naogopa chuma?"

Alikaza bolti moja ya pembeni. Ililia. Niliomba niibadilishe palepale. Alishika bunduki, akaniuliza kama Kiswahili chake sikisikii.

Mzee alinipa mfuko. Ndani yake mlikuwa na ile spana, drili ya mkono, chuma cha meno ya kinyume, na bolti moja nzima aliyoifungua kwenye gari bovu. "Itakatika mbele," alininong'oneza. "Nenda naye." Yeye alibaki. Alisema amezeeka mno kukimbia na watu wa namna ile.

Bolti ilikatika kabla hatujafika Koboko. Maji yalichemka, moshi mweupe ukatanda, lori likasimama.

Hatukukaa sana, ikaja gari ndogo ya jeshi. Nafasi ilikuwa nyuma, ya kumtosha mtu mmoja aliyelala. Sajini aliita askari wawili. Wakashusha friji.

"Afande, dada yangu!"

"Nafasi hakuna. Iko naona mwenyewe."

Wakaifunga kwa kamba, Sajini akapanda mbele, wakaondoka. Friji ilikuwa ya mafuta ya taa. Iliponipita niliona tundu tupu chini yake. Taa ya kuiendesha, ambayo bila hiyo haipozi kitu, aliisahau huko alikoiiba. Yule shujaa alimwacha binadamu njiani ili aokoe kabati.

Sikupoteza wakati kumlaani. Nilimweka Yunia kivulini penye gurudumu la mbele, nikafungua hedi. Kipande kilikuwa kimekatika sawa na uso wa bloku, mwili wa injini. Nikatia alama. Nikaanza kutoboa.

Magari mengine ya askari yalipita. Waliogopa hata nyasi, wakawa wanazimiminia risasi huku wakikimbia. Hakukuwa na adui mle. Kulikuwa na nyasi tu, na sisi.

Yunia alisema, "Festo."

Nilipogeuka alikuwa ameshika ubavu. Damu ilikuwa inapita kati ya vidole.

Nilimfunga kwa kitenge chake, nikakaza. Nikasema nitambeba.

"Mpaka wapi? Maliza injini."

Nikarudi kwenye drili. Nikaizungusha mbio.

"Usikimbize," alisema. "Ukikimbiza itakatikia ndani."

Nilitoboa polepole kuliko siku zote za maisha yangu, na dada yangu anavuja damu nyuma yangu. Nikagongea chuma cha kinyume. Nikageuza kushoto. Kikagoma. Nikatia mafuta, nikangoja. Sijawahi kuchukia kitu kama nilivyochukia kule kungoja.

Kikaachia. Kipande kikatoka kwa vidole.

Nikarudisha gasketi na hedi, nikaingiza bolti ya Mzee Khamis, nikachukua spana.

"Niweke pale," Yunia alisema. "Nitasoma."

Macho yangu yalikuwa mazima, na namba niliziona vizuri kabisa. Sikumwambia. Nilimbeba nikamweka juu ya madigadi, nikamwegemeza begani kwangu, nikavuta.

"Sitini," alisema. "Sabini. Bado... themanini. Basi, ndugu yangu."

Tulizikaza zote hivyo. Mwishoni nilikuwa namsikia kwa shida, lakini hakukosea hata moja.

Nilichota maji kijitoni, nikajaza rejeta, nikawasha. Injini iliitika mara moja. Tulipita Koboko bila kusimama, kichwa chake kwenye paja langu. Mpaka Oraba injini haikupoteza tone la maji. Nilipozima ili nimwambie tumefika, nilikuwa naongea peke yangu.

Nilimvusha hivyo hivyo, nikamzika ng'ambo, upande wa Kaya. Lori nilimwachia yeyote aliyelitaka.

Miaka mingi baadaye nilirudi Arua, nikafungua gereji yangu. Mzee Khamis sikumkuta. Sajini Juma yupo Koboko, mzima wa afya, anaitwa mzee na kuamkiwa shikamoo. Huwasimulia vijana vita yake. Anasema gari lilimwangusha njiani kwa sababu mafundi wa Arua walikuwa na mikono laini. Nilisimama siku moja nikamsikiliza mpaka mwisho. Yunia hakumtaja. Friji aliitaja.

Niligeuka nikarudi Arua. Mtu wa namna ile hana sikio la kujibiwa, na mimi nina kazi.

Spana ninayo bado. Sindano yake imelala kwenye kumi, na wateja hunishangaa kwa nini siinyooshi, kwani ni kazi ndogo tu. Nafunga injini za watu kwayo. Nikivuta huhesabu kwa sauti: sitini, sabini, bado, themanini. Halafu naachia, nikisema basi mwenyewe.