Transfa ya Miforosadi Mitatu

Siku Nzisa alipostaafu, shule ya wasichana aliyoipikia karibu na Mukuyuni, Makueni, ilimpa blanketi, thamosi na hotuba. Blanketi lilikuwa zuri. Thamosi ilivuja kidogo. Hotuba ilivuja sana, maana mwenyekiti wa bodi hakumjua, akamshukuru mara mbili kwa jina la mpishi mwingine ambaye ni marehemu.

Nzisa alipiga makofi kama watu wengine. Hakuja kwa ajili ya hotuba. Mawazo yake yote yalikuwa nyuma ya nyumba za wafanyakazi, kwa miforosadi yake mitatu, akijiuliza mti mzima unapandishwaje kwenye gari bila kuvunjika kiuno.

Forosadi, kwa yeyote ambaye hakubahatika kuziiba utotoni, ni yale matunda madogo meusi yanayofanana na kiwavi aliyekula akashiba. Ni matamu, na yana wino ambao sabuni ya kuushinda haijatengenezwa. Nzisa alivipanda vichaka vyake vitatu mwaka alioajiriwa jikoni, na tangu hapo hakuna blauzi nyeupe iliyokuwa salama katika shule ile. Wasichana wakamwita Mama Forosadi. Walimu wakafuata. Hata mkaguzi mmoja aliyefika na uso wa kufunga shule aliondoka na ulimi wa zambarau, na ripoti yake ikawa ya upole ajabu.

Kila kichaka kilikuwa na jina la prinsipo, yaani mkuu wa shule, aliyepata transfa ya kuhamia kwingine wakati wa Nzisa. Bwana Mulinge kilikuwa kinene, chenye kivuli kikubwa na matunda machache. Bwana Nzioka kilikulia shuleni lakini kiliinama juu ya ua na kuzalia upande wa jirani. Madam Kasyoka kilizaa bila mpango, kikamwaga kila kitu chini, wapitao wakakanyaga. Wenye majina hayo hawakuwahi kuuliza, au walijua wakanyamaza kwa sababu walikuwa wanakula.

Sasa tatizo lilikuwa hili. Nyumbani kwake, Kabati, upande wa Kitui, Nzisa hakuwa na jina. Miaka yote alikuwa mtu wa kufika mwisho wa mwezi, kufua, kupika muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, wa kutosha, na kurudi kazini. Watu wa Kabati walimjua kama bibi ya Nyamai, basi. Sufuria alizozisugua maisha yake yote zilikuwa za shule, nyumba ilikuwa ya shule, hata mwiko. Miforosadi peke yake ndiyo ilikuwa yake.

"Nikifika nyumbani bila hii miti," alimwambia Muthama, "nitakuwa bibi ya Nyamai mpaka nizikwe, na kwa jeneza waandike hivyo hivyo."

Muthama alikuwa afisa wa kilimo wa eneo lile, mwanamume mpole aliyetembea na mkasi wa kupogolea mfukoni kama wengine wanavyotembea na kalamu.

"Mwaitu, mama yangu, si ukate vijiti tu," akamwambia. "Forosadi inashika upesi. Unaweka vijiti kwa kibeti, unaenda nyumbani na heshima yako."

"Na wewe ukistaafu, tupeleke kidole chako kwenu? Tuseme Muthama amefika?"

Muthama alikitazama kidole chake. "Sawa. Kama lazima ung'oe mzima, basi punguza juu. Kata mpaka magotini, toa majani yote. Ukichimba unakata mizizi, na mizizi kidogo haiwezi kulisha kichwa kikubwa. Majani yatakunywa maji yote, mti ukauke."

"Nimkate Madam Kasyoka mpaka magotini?"

"Na Bwana Mulinge."

"Aiya! Mtu akihama anavaa nguo, Muthama. Havuliwi."

Niseme mapema ili tusisumbuane: Muthama alikuwa sahihi kwa kila neno, na Nzisa alikosea kwa kila neno. Hii si ile hadithi ya mama wa jikoni anayemfunza afisa kazi yake. Mama wa jikoni alikataa ushauri kwa sababu ya mapenzi, jinsi ambavyo wengi wetu tumekataa ushauri mzuri, tofauti ikiwa yeye alikuwa anapenda kitu chenye matunda.

Mvua za kwanza zililainisha udongo. Wapishi wenzake wakachimba, wakafunga mizizi kwa magunia yaliyolowa, na miti ikabaki imesimama na majani yake yote, makubwa na mabichi, kama watu waliovaa makoti kungoja gari.

Gari lilikuwa la Abdinoor, mchuuzi wa mbuzi kutoka Zombe, ambaye kwa miaka mingi aliuzia shule mbuzi wa siku ya wazazi. Yeye na Nzisa walikuwa marafiki wa kugombana. "Huyu mbuzi ana kitambulisho," Nzisa angesema akibonyeza mbavu. "Huyu amepiga kura." Abdinoor naye angeapa kwamba mbuzi ni mtoto, ila amekonda kwa mawazo.

Siku hiyo lori lake lilikuwa linarudi kutoka sokoni na mbuzi waliokosa mnunuzi. Alikubali kupitia Kabati.

"Mbuzi wakae mbele, miti nyuma, mbao katikati," akasema. "Usiwe na wasiwasi, Mama. Mbuzi wangu wana adabu."

"Mbuzi hana adabu, Abdinoor. Mbuzi ana njaa."

"Hao wamekula asubuhi."

"Na wewe umekula asubuhi. Ukiona nyama sasa hivi utaikataa?"

Abdinoor alicheka, akakaza kamba za mbao, wakaondoka. Nzisa aliketi mbele karibu naye, blanketi mapajani, thamosi ikimdondokea polepole. Abdinoor alimsimulia habari za mkewe, Mulki, anayetaka aache safari na afungue duka. Baada ya mteremko mmoja, breki zikashikwa kwa nguvu, kitu kikagonga nyuma.

"Ni nini hiyo?" Nzisa akauliza.

"Barabara."

Wakaenda. Nyuma kukasikika kama karatasi zinachanika, nyingi, kwa furaha.

"Na hiyo?"

"Hiyo pia barabara, Mama. Siku hizi wanatengeneza vibaya."

Kabati, Nyamai alikuwa amekwisha chimba mashimo matatu kando ya tangi la maji. Nyamai ni mume wa kupenda nyama na mzaha, kwa mpangilio huo. Alikuwa amealika majirani waje kuona miti ya mkewe, maana alikuwa ameisikia kwa miaka na yeye mwenyewe alitaka kuona kama ni kweli. Lori likasimama. Abdinoor akafungua nyuma.

Mbao zilikuwa zimelala chini. Mbuzi walikuwa wamesimama juu yake, wakitafuna ile hewa ya mwisho ya shibe. Nyuma yao, ndani ya magunia, kulikuwa na mafungu matatu ya vijiti. Hakuna jani. Vitawi vyote laini vilikuwa vimekwisha. Beberu mmoja wa kahawia, mwenye ndevu za mtu wa bodi, alikuwa bado na kijiti pembeni mwa mdomo kama mswaki.

Nyamai alitazama kwa makini.

"Mama Kanini," akasema, akimwita kwa jina la mtoto wao, "umeleta kuni kutoka Makueni? Kuni si hapa ziko?"

Majirani wakacheka mpaka wakashikana. Nzisa hakucheka. Aliketi juu ya blanketi lake la kustaafu, pale pale kando ya barabara.

"Wamemla Madam Kasyoka," akasema.

Kicheko kikakatika. "Wamemla nani?" mama mmoja akauliza, na mwingine aliyekuwa mwepesi wa imani akaanza kuomba kwa sauti.

Abdinoor alikuwa amebadilika rangi. Alimkamata yule beberu kwa pembe, akamteremsha. "Huyu ndiye mwenyekiti wao. Mchukue, Mama. Ni wako. Mimi sina neno."

"Sitaki mbuzi. Nataka majani yangu."

"Majani yako ndani ya mbuzi," akasema Abdinoor kwa huzuni ya kweli, akamfunga beberu kwenye nguzo ya ua, akaondoka bila kunywa chai. Nyamai alimzunguka yule beberu mara moja, akampapasa mgongo. "Krismasi imefika mapema mwaka huu," akasema.

Nzisa alimpigia Muthama simu akilia.

"Wamekufa, Muthama. Mbuzi wamekula."

"Wamekula nini?"

"Majani! Yote!"

"Wamekula mpaka wapi?"

"Mpaka... mpaka magotini."

"Magotini?"

"Nimesema magotini! Kwani hunisikii?"

"Nakusikia, mwaitu. Si hapo ndipo nilikuambia ukate?" Sasa alikuwa anajizuia kucheka, na hakuwa anafaulu. "Magome ya chini wameguguna?"

"Kidogo tu."

"Basi hao mbuzi wamefanya kazi ambayo wewe uliogopa. Panda leo. Mwagilia, funika udongo na nyasi. Halafu ungoje. Usichimbue kuangalia!"

Walipanda jua likiwa bado juu. Lakini maneno ya simu hayamwoneshi mtu jani, na Nzisa alipovitazama vile vijiti vitatu kando ya tangi, hakuona kitu ila aibu iliyosimama wima. Ndipo akatoa hukumu yake, mbele ya majirani.

"Huyu mbuzi asiguswe. Miti ikifa, naye atakufa, mtakula wote. Miti ikiishi, ataishi."

Hapo ndipo ndoa ilipopata mtihani. Fikiria nafasi ya Nyamai: mtu mwenye kisu kizuri, jino zima, na beberu mnono uani. Ili apate nyama, hakutakiwa kufanya ubaya wowote. Alitakiwa tu asifanye kitu, kazi ambayo wanaume wengi wa nchi hii wana ujuzi nayo. Majirani walikuwa upande wake. Kila jioni mmoja angepita na kuuliza, kwa sauti ya kumjulia mgonjwa hali, "Bado hawajachipuka? Pole sana," huku macho yakiwa kwa mbuzi.

Wiki zikaenda. Nzisa alimwagilia mchana, akikata tamaa kidogo kila siku. Sokoni walianza kumwita bibi ya Nyamai wa kuni, yaani badala ya kupata jina alikuwa ameongezewa mkia.

Asubuhi moja aliamka mapema kuliko kawaida, akachungulia dirishani. Nyamai alikuwa kwa vijiti, amefunga taulo kiunoni, ameshika beseni, anamwaga taratibu kwa kila shina. Maji yalikuwa na povu la sabuni.

"Bwana Mulinge," alikuwa anasema, "amka, mkaguzi amekuja. Madam, na wewe. Usiniaibishe."

Nzisa akatoka. "Baba Kanini, unafanya nini?"

Nyamai aliruka. "Namwaga maji. Maji ya kuoga humwagwa wapi?"

"Bafu liko huko."

"Nilikuwa natembea."

"Na beseni?"

"Beseni nalo lilikuwa linatembea."

Alipochutama kuangalia, Nzisa aliona udongo wa pale ulikuwa mweusi, umelowa chini kabisa, wala si maji ya siku moja. Mtu yule alikuwa ameoga kila asubuhi kwa beseni, kwa siri, akipigania uhai wa nyama yake mwenyewe. Nzisa aliingia ndani akamtengenezea chai ya maziwa matupu.

Aliyeripoti kwanza alikuwa Bwana Nzioka, chipukizi moja la kijani, tayari limeinamia upande wa jirani. Madam Kasyoka akafuata na machipukizi kila mahali, bila mpango. Bwana Mulinge alichelewa, kama kawaida yake, lakini alifika siku chache kabla ya Krismasi. Nyamai ndiye aliyeleta habari, kisu kikiwa mkononi, amekinoa tangu juma lililopita.

"Mama Kanini," akasema, "nimekosa nyama." Na alikuwa anatabasamu mpaka jino la mwisho.

Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, Nzisa alisimama kanisani.

"Bwana asifiwe."

"Amen."

"Namshukuru Mungu kwa kunifikisha nyumbani. Namshukuru kwa mume wangu, ambaye siku hizi anaoga." Kanisa likacheka, Nyamai akakagua viatu vyake. "Na zaidi namshukuru Mungu kwa mbuzi."

Pasta alisogeza kiti. Kanisani kwao mbuzi hajawahi kuhubiriwa vizuri. Mahubiri yote humweka mkono wa kushoto siku ya hukumu na kumpeleka pabaya.

"Mama," akasema kwa upole, "labda ulimaanisha kondoo?"

"Mbuzi, Pasta."

"Kwa maana ya kiroho—"

"Mbuzi wa Abdinoor wa Zombe. Mkasi wa afisa ulikuwepo, nikawa na ushauri, nikakosa moyo. Mungu akaona huyu mama hataweza, akatuma wale wanaoweza. Na wenyewe hawakujua wametumwa, walijua wanakula. Basi nimeshukuru."

Akaketi. Pasta akatangaza wimbo.

Forosadi za kwanza zilipoiva, Nzisa alijaza kopo, akalituma Zombe kwa gari la abiria. Mulki alipiga simu jioni kusema kopo limefika tupu kwa sababu Abdinoor alikwenda kulipokea mwenyewe, na sasa amekaa mlangoni, midomo myeusi, anasema ni barabara.

Watoto wa Kabati nao hawakuhitaji tangazo. Walipita Nzisa akiwa ndani, wakapita akiwa nje, wakarudi kwao na mashati ambayo mama zao waliyainua juu na kuuliza, "Hii umetoa wapi?" Jibu likawa moja mtaa mzima: kwa Mama Forosadi. Beberu wa kahawia, aliyeongezwa kamba ndefu lakini isiyofika kwa tangi, aliwatazama kwa wivu.

Ikawa siku moja Nyamai amerudi kutoka sokoni, amekasirika, kifua cha shati lake jeupe kina mabaka ya zambarau.

"Unajua nimeitwa nani leo?" akasema. "Mtu nimezaliwa hapa, nimezeeka hapa, yule wa kuuza mahindi ananiambia, 'Karibu, bwana ya Mama Forosadi.'"

"Pole," Nzisa akasema, akamsogezea bakuli.

Nyamai akachota konzi nzima.