Mpira Alioudaka Baba

Juzi televisheni ilitangaza kifo cha mzee mmoja, gwiji wa besiboli. Walisimulia alivyolelewa na bibi yake aliyefua nguo za watu, alivyoanza kucheza hapa kwetu Buffalo, Marekani, akavuma nchi nzima, kisha akarudi kucheza mechi yake ya mwisho hapa hapa. Mechi hiyo niliiona. Tulikuwa tumehamia kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania si muda mrefu, na kanisa lililotupokea lilitupatia tiketi.

Uwanja ulinukia vitunguu vya kukaanga na nyasi mbichi. Gwiji aliupiga mpira kwa gongo lake, ukalia kama ukuni mkavu unaopasuliwa, ukaruka hadi kwetu. Baba akaudaka. Watu wakapiga kelele, nami nikadhani wanaudai.

"Baba, warudishie!"

"Kweli, mwanangu. Cha mtu si chako."

Akashuka ngazi hadi kwenye uzio. Uwanja mzima ukacheka. Sasa najua kwamba mpira ukiangukia watazamaji huwa wa aliyeudaka. Gwiji hakucheka. Alivua kofia, akaupokea, akampa baba mkono.

Nyuma yangu alikaa msichana wa darasani kwetu. Akaniuliza kwa Kiingereza, "Yule ni baba yako?"

Uso ukaniwaka. "Hapana," nikajibu.

Baba alikuwa amekwisha kufika, bado anatabasamu. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini hayo aliyaelewa. Aliketi akaacha kiti kimoja wazi kati yetu, na hapo alikaa hadi mechi ilipokwisha.