Nikeli Mahali pa Manganisi

Jumla ya hasara ilikuwa jino moja, mbavu mbili na kioo cha meza ya duka. Meno niliyapitia kwa ulimi mara mbili, maana lile la pembeni nalo lilikuwa linacheza.

Nauza spea za umeme na kutengeneza vifaa katikati ya jiji, kwenye chumba ambacho wateja wawili wakiingia, lazima mmoja anunue ndipo wa pili ageuke. Jirani yangu wa mtaa wa Jamhuri, mchomelea vyuma, aliniletea mashine yake ya kuchomelea. Ndiyo pekee aliyokuwa nayo, na mageti ya fleti fulani Kileleshwa yalikuwa yakimngoja. Transfoma yake ilikuwa imeungua: waya ulichubuka, umeme ukavuja kupitia kiini.

Kiini hicho, kinachozungushiwa waya, ni feraiti, kauri nyeusi iliyookwa kwa unga wa chuma na madini mengine. Chake kilikuwa cha manganisi na zinki. Nilikuwa na kingine, umbo lile lile, weusi ule ule, ila mahali pa manganisi pametiwa nikeli. Nikakigusisha mita ya umeme. Umeme haupiti. Nikarudia. Haupiti.

"Hii haivuji hata tone," nikamwambia. "Inashinda ile ya kiwandani."

"Una uhakika, jirani?"

"Nimepima mara mbili."

Kweli nilipima mara mbili, kitu kile kile. Nikeli huzuia umeme, lakini usumaku nao hupungua. Mita ya kupima hilo ilikuwa duka la pili, na mimi na mwenye duka hilo tulikuwa hatusemezani.

Nikamfungia kile cha nikeli. Alipowasha kazini, kiini kilishindwa na mzigo, mkondo ukapanda, transista zikalipuka. Kipande kikampasua juu ya jicho. Akaja moja kwa moja kwangu, mashine begani, damu bado mbichi kwenye kola.

"Niaje, jirani," nikasema, nikipapasa bei ya amani.

Akajibu kwa ngumi. Kioo kikavunjikia chini ya mgongo wangu. Kisha kiatu cha kazi, chenye chuma mbele, kikanishukia ubavuni.

"Haivuji, eh? Na hii damu yangu inafanya nini?"

"Bosi, usimuue bado!" akalia mteja mlangoni. "Simu yangu iko humo, ameifungua!"

"Nusu," nikasema, nikitema nyekundu.

"Nusu ya nini, wewe?"

"Ya kipigo. Ile ingine unipe nikishindwa kutengeneza."

Hakucheka. Alinikaba shingo mpaka taa zikafifia. "Mwenye fleti amenipa mpaka Jumatatu. Akiita fundi mwingine, nakuja kumalizia."

Nimebadilisha transista na kurudisha kiini chake cha manganisi. Nimesemezana na yule wa mita, na usumaku unashika vizuri. Lakini kiini hicho hupitisha umeme, kwa hiyo nimekizungushia tepu ya kuhimili joto safu mbili kabla ya kusuka waya. Wewe unayesoma, kama umewahi kusuka transfoma ya namna hii, nishauri kabla sijaiwasha: safu mbili zatosha, au kuna kauri ya mchanganyiko mwingine inayoshika usumaku na bado inazuia umeme?